Jenereta ya mawimbi ya maabara: skrini inasema hivi, oskiloskopu inasema vile

Jenereta ya mawimbi, yaani mashine inayotengeneza ishara za umeme za majaribio, haipimi kinachotoka kwenye tundu lake. Namba iliyo kwenye skrini ni agizo lako, na mashine imepiga hesabu ya volti ambazo zingeonekana endapo mzigo (kile ulichokiunganisha kwenye tundu) ungekuwa ule ilioambiwa upo. Mzigo ukiwa tofauti, skrini haibadiliki. Inabaki ikisema ilichoagizwa. Fundi akilishika hilo, malalamiko mengi ya "mashine mbovu" yanaisha bila kufungua skrubu hata moja.

Maelezo haya yanahusu jenereta za mezani za dijiti zenye ukinzani wa ndani wa omu 50, ambazo ndizo nyingi katika maabara za vyuo na karakana. Uwezo wake wa kawaida ni volti 10 kilele hadi kilele kwenye mzigo wa omu 50, na volti 20 tundu likiachwa bila mzigo. Vibao vya bei nafuu vyenye chipu ya AD9833 (inayounda mawimbi kwa hesabu ya dijiti) vinafuata kanuni nyingine katika sehemu chache, na tutavigusa panapohusika.

Jaribio la msingi, kabla ya kulaumu chochote

Ondoa saketi, probu na konekta za T. Chukua kebo moja ya RG-58 (ya omu 50) yenye konekta za BNC pande zote, isiyozidi mita moja, uunganishe jenereta moja kwa moja na chaneli ya 1 ya oskiloskopu, kifaa kinachochora volti kadiri muda unavyokwenda. Kisha:

1. Kwenye jenereta, ingia menyu ya mfumo urudishe mipangilio ya kiwandani (Preset au Default). Hatua hii inafuta burst (mizunguko michache inayotolewa kwa amri), sweep (masafa yanayotembea) na modulation (wimbi linalobadilishwa na jingine) zilizoachwa na aliyetumia kabla yako.
2. Weka wimbi la sini, kilohezi 1, volti 2 kilele hadi kilele, ofseti (DC inayoinua au kushusha wimbi zima) 0, na mzigo uwe High Z (ukinzani mkubwa sana).
3. Kwenye oskiloskopu weka DC coupling (ingizo linalopitisha hata DC), ingizo la megaomu 1, probu 1X, milivolti 500 kwa kila mraba wa wima, mikrosekunde 200 kwa kila mraba wa mlalo, triga (inayosimamisha picha ya wimbi) kwenye chaneli ya 1.
4. Washa kitufe cha Output.

Unapaswa kuona wimbi linalojaza miraba 4 kwa urefu, na kila mzunguko unachukua miraba 5 kwa upana. Likionekana hivyo, jenereta ni nzima katika kiwango hicho na tatizo liko kwenye kebo, probu, saketi au mpangilio uliokuwepo mwanzo. Rudisha kitu kimoja kimoja mpaka kasoro ijitokeze tena. Lisipoonekana, endelea chini.

Hakuna kinachotoka

Anza na kitufe cha Output. Jenereta nyingi huwaka tundu likiwa limezimwa ili zisipige saketi ghafla, na taa ya kitufe ndiyo inayokujulisha. Pili, angalia umechomeka wapi. Tundu la Sync linafanana kabisa na tundu kuu, lakini linatoa wimbi mraba la kusaidia triga tu: ukizungusha amplitudo halibadiliki, na ukichagua sini bado linatoa mraba. Dalili hiyo ikitokea, usitafute zaidi.

Tatu, burst. Jenereta ikiwa kwenye burst na triga yake imewekwa External au Manual, inasubiri amri ambayo haiji. Skrini inaonyesha kila kitu sawasawa, taa ya Output inawaka, tundu liko kimya. Zima burst au geuza triga iwe Internal.

Nne, kebo. Pima kwa multimita: pini ya kati kwa pini ya kati isizidi omu 1, na pini ya kati kwa gamba la nje isionyeshe muunganiko wowote. Pima huku ukiipinda kebo karibu na konekta, kwa sababu hapo ndipo inapokatikia, na kebo iliyokatika nusu hupima vizuri ikiwa imelala mezani. Angalia pia kama pini ya kati imezama ndani ya BNC. Ikizama, konekta inajifunga vizuri lakini haigusi.

Kama skrini imetoa ujumbe wa overload na Output imejizima yenyewe, relei ya kinga imekata kwa sababu saketi yako inarudisha volti kwenye jenereta. Usiiwashe tena kabla ya kupima, kwa multimita, volti iliyopo kwenye sehemu ya saketi unayotaka kuilisha.

Volti ni mara mbili, au nusu, ya ulichoagiza

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloua chipu. Ndani ya jenereta kuna chanzo cha volti E kikifuatiwa na rezista ya omu 50. Mzigo wako R unagawana volti na rezista hiyo:

V = E × R ÷ (R + 50)

Mashine ikiambiwa mzigo ni omu 50 na wewe ukaagiza volti 1, inatengeneza E ya volti 2, ikijua nusu itabaki ndani. Ukichomeka kwenye oskiloskopu yenye megaomu 1, karibu hakuna kinachobaki ndani na unaona volti 2. Kwa agizo hilohilo, mizigo mingine inakupa hivi: omu 600 volti 1.85, omu 100 volti 1.33, spika ya omu 8 volti 0.28. Jenereta haijakosea popote katika hizo.

Kinyume chake, ukiweka High Z halafu ukafunga tamineta (rezista ya kufungia kebo) ya omu 50 mwishoni mwa kebo, au oskiloskopu yako ikawa kwenye ingizo la omu 50, utaona nusu.

Dawa ni kuiambia mashine ukweli. Mpangilio huu huitwa Load au Output Setup, na kwa kawaida uko ndani ya menyu ya chaneli au ya Utility. Saketi yenye ingizo kubwa (opamp, yaani amplifaya ya chipu, isiyogeuza ishara, pini ya mikrokontrola, oskiloskopu ya megaomu 1) iwekee High Z. Mstari wenye tamineta ya omu 50 uwekee 50. Kwa mzigo wa thamani nyingine, jenereta nyingi zinakuruhusu kuandika omu zenyewe. Kumbuka kwamba kubadilisha mpangilio huu hakubadilishi kinachotoka wakati huo. Namba kwenye skrini ndizo zinazoruka kutoka 1 kwenda 2, huku wimbi likibaki lilelile.

Sasa hatari yenyewe. Mtu anataka kulisha pini ya mikrokontrola ya ESP32 kwa wimbi la volti 0 hadi 3.3. Anaandika Low 0, High 3.3, na mzigo umebaki kwenye omu 50, kama jenereta nyingi zinavyotoka kiwandani. Pini inapokea volti 6.6. Diodi ya kinga ndani ya chipu inaanza kupitisha ikifika takriban volti 3.9, zinabaki volti 2.7 juu ya omu 50, na miliampea 54 zinapita mahali palipotengenezwa kwa mkondo mdogo kuliko huo. Ndiyo maana katika kila kazi ya mikrokontrola weka rezista ya kilo-omu 1 mfululizo na pini: kosa lilelile linashuka hadi miliampea 2.6, na wimbi la kilohezi kadhaa halipotezi kitu. Pia pima kwanza kwa oskiloskopu, ndipo uunganishe. Na usisahau upande wa chini: ukiagiza volti 3.3 kilele hadi kilele na ofseti 0, nusu ya wimbi iko chini ya sifuri. Tumia High na Low badala ya amplitudo na ofseti. Hapo huwezi kushuka chini ya sifuri bila kujua.

Tofauti ikiwa mara 10, tazama probu. Swichi iliyo kwenye mpini wake na mpangilio wa chaneli kwenye oskiloskopu lazima vifanane, 10X kwa 10X. Na ukikuta mara 20, au mara 5, usiumize kichwa kutafuta hitilafu ya ajabu: kosa la probu na kosa la mzigo yamekutana, moja likizidisha kwa 10, jingine likizidisha au kugawa kwa 2.

Wengine wanalinganisha skrini na multimita na kushtuka. Jenereta inasema volti 2 kilele hadi kilele, multimita inasema 0.707. Zote ziko sahihi. Kwa sini, kilele hadi kilele ni mara 2.83 ya thamani ya RMS (volti ya DC ambayo ingetoa nguvu ileile). Lakini multimita ya kawaida isiyo na maandishi True RMS inapima wastani na kudhani kila wimbi ni sini, hivyo mraba unasomeka juu kwa asilimia 11 na pembetatu inasomeka chini kwa karibu asilimia 4. Multimita nyingi za bei ya chini pia huanza kudanganya masafa yakipita hezi mia kadhaa. Kama agizo liko kwenye dBm (desibeli kulinganisha na miliwati 1), 0 dBm ni volti 0.632 kilele hadi kilele, kwenye omu 50 pekee.

Jenereta inakataa ofseti, au wimbi limekatwa kichwa

Sehemu ya mwisho ya jenereta ina sakafu na dari: kwa mashine ya volti 10 kwenye omu 50, ofseti pamoja na nusu ya kilele hadi kilele visizidi volti 5. Ukiweka ofseti ya volti 4, amplitudo kubwa unayoweza kupata ni volti 2. Mashine nzuri inapunguza agizo lako na kutoa ujumbe; nyingine inapunguza kimyakimya. Basi baada ya kubadilisha ofseti, rudi uisome amplitudo tena.

Kama unakuta wimbi limekatwa juu wakati agizo liko ndani ya mipaka, hamisha probu kutoka kwenye tokeo la saketi hadi kwenye ingizo lake. Mara nyingi ingizo ni safi na ni amplifaya iliyogonga volti ya usambazaji wake. Opamp inayolishwa kwa volti 5 moja haiwezi kushuka chini ya sifuri hata uiombe vipi.

Kuna kasoro nyingine hapa ambayo watu hawaitarajii: ishara ndogo juu ya ofseti kubwa inatoka chafu. Kwa ishara ndogo jenereta hutumia kipunguza cha ndani, ambacho hushusha wimbi pamoja na kelele. Ofseti kubwa ikiwepo, kipunguza hakiwezi kuingia kwa sababu kingeishusha na ofseti yenyewe. Kwa hiyo milivolti 20 juu ya volti 3 zinatengenezwa kwa ngazi chache tu za kigeuzi cha dijiti, na sini inaonekana kama ngazi za nyumba. Toa ishara bila ofseti, kisha iongezee DC nje ya jenereta kwa kapasita na rezista mbili. Na ikiwa unahitaji milivolti 1 au 2, agiza mara kumi zaidi na upunguze kwa kipunguza cha nje cha desibeli 20.

Mlio wa "tik" unaosikika ukipandisha amplitudo ni relei za kipunguza hicho, na wakati zinabadilika tundu hukatika kwa kitambo kifupi. Kama saketi yako haivumilii mkatiko huo, tafuta mpangilio wa Range Hold.

Wimbi mraba lina sura mbaya

Sura ya ubaya ndiyo inayotaja chanzo, kwa hiyo itazame vizuri kabla ya kugusa kitu.

Pembe zimeviringika pande zote: kuna kitu kinachoua masafa ya juu. Mhalifu wa kwanza ni kikomo cha megahezi 20 kilichowashwa kwenye chaneli ya oskiloskopu. Muda wa kupanda, kwa sekunde, ni 0.35 ukigawanya kwa upana wa bendi, kwa hiyo megahezi 20 haziwezi kuonyesha mpando wa haraka kuliko nanosekunde 17.5 hata jenereta iwe hodari kiasi gani. Mhalifu wa pili ni probu kwenye 1X, ambayo upana wake uko karibu na megahezi 6 hadi 10 tu. Probu ya 10X ikiwa na mviringo kwenye kilohezi 1, haijarekebishwa: ining'inize kwenye ndoano ya Probe Comp ya oskiloskopu na uzungushe skrubu yake ndogo kwa bisibisi ya plastiki mpaka pembe zisimame.

Pembe zinaruka juu na kutikisika: kwanza tazama waya wa ardhi wa probu. Waya wa sentimita 15 una induktansi ya takriban nanohenri 150. Ikikutana na pikofaradi 12 za ncha ya probu, vinatikisika karibu na megahezi 120. Mtikisiko huo hauko kwenye saketi, umeuleta mwenyewe. Toa waya huo, tumia springi fupi inayokaa kwenye shingo ya probu, na linganisha. Kwa jenereta yenyewe ni bora zaidi kuiacha probu kabisa na kutumia kebo ya BNC.

Ngazi katikati ya mpando, kana kwamba wimbi limepumzika nusu njia: hilo ni akisi kwenye kebo. Ishara husafiri ndani ya RG-58 kwa karibu nanosekunde 5 kwa mita. Tuseme umeweka T mwanzoni mwa kebo ya mita 5 ambayo mwisho wake uko wazi. Pale kwenye T wimbi linapanda hadi nusu, linakaa nanosekunde 50 huku likienda mwisho na kurudi, kisha linamalizia nusu iliyobaki. Upana wa ngazi hivyo unakuambia urefu wa kebo. Mwishoni mwa kebo, kwa upande mwingine, wimbi linaonekana safi, kwa sababu omu 50 za jenereta zinameza akisi inaporudi. Tiba: pima mwishoni badala ya kwenye T, au funga tamineta ya omu 50 mwishoni na uiambie jenereta mzigo ni 50. Akisi isiyoisha, inayorudiarudia, kwa kawaida inaonyesha kebo ya omu 75 ya dishi au CCTV imeingia kwenye mstari. Soma maandishi kwenye ganda lake: RG-59 na RG-6 ni 75.

Sehemu za juu na chini zimelala mteremko kwenye masafa ya chini: oskiloskopu iko AC coupling, inayozuia DC. Kwenye hezi 50 mteremko ni mkubwa kiasi cha kumfanya mtu adhani jenereta imekufa. Weka DC. AC coupling ndiyo pia inayoficha ofseti, kwa hiyo kama "ofseti haifanyi kazi", jibu ni hilohilo.

Mraba unageuka kuwa mwembamba au hauruhusu asilimia unayotaka ya muda wa kukaa juu (duty cycle): mipaka yake hubana kadiri masafa yanavyopanda. Agilent 33220A, kwa mfano, inaruhusu asilimia 20 hadi 80 mpaka megahezi 10, halafu 40 hadi 60 tu juu ya hapo. Ukitaka pigo jembamba, tumia wimbi la Pulse badala ya Square.

Na pembetatu isikushangaze ikikataa kupanda. Mashine hiyohiyo inatoa sini ya megahezi 20, lakini pembetatu yake inaishia kilohezi 200, kwa sababu ncha kali ya pembetatu imejengwa kwa masafa yaliyo juu sana ya yale yaliyoandikwa kwenye skrini. Namba kubwa iliyochapwa usoni mwa mashine ni ya sini.

Masafa hayalingani, au wimbi halitulii

Tofauti ndogo sana ni ya kawaida. Fuwele yenye usahihi wa sehemu 20 kwa milioni inaruhusiwa kukosea hezi 20 kwenye megahezi 1. Ipe mashine nusu saa ipate joto kabla ya kupima. Jenereta mbili zilizowekwa masafa sawa zitapishana taratibu, moja ikiteleza mbele ya nyingine kwenye oskiloskopu. Hilo haliponywi kwa kuongeza tarakimu. Unganisha tundu la 10 MHz Out la moja na 10 MHz In ya nyingine, kisha kwenye ile ya pili chagua rejea ya External.

Tofauti ikiwa kubwa na ya uwiano uleule kila mahali, saa ya chipu haifanani na ile iliyoandikwa kwenye programu. Hii hutokea sana kwa vibao vya AD9833. Chipu hiyo ina rejista ya biti 28, na neno la masafa ni masafa unayotaka mara 2 kwa kipeo cha 28, ukigawanya kwa saa. Kwa saa ya megahezi 25, hezi 1000 zinahitaji 10737. Programu ikidhani saa ni megahezi 16, itatuma 16777 na utapata hezi 1562.5. Gawanya masafa unayoyapata kwa uliyoagiza, ukikuta 1.5625, umeshaona 25 kwa 16. Soma namba kwenye kopo la fuwele na uirekebishe kwenye programu. Kumbuka pia kwamba sini na pembetatu za kibao hicho ni karibu volti 0.6 tu kilele hadi kilele, na hakina omu 50 wala nguvu ya kusukuma mzigo. Kanuni ya V = E × R ÷ (R + 50) haikihusu.

Ukingo wa mraba unaotetemeka kushoto na kulia kwenye vibao hivyo ni tabia ya usanisi wenyewe. Mraba unageuka tu saa inapopiga, na kwa megahezi 25 hiyo ni kila nanosekunde 40, hivyo masafa yasiyogawika sawasawa yanafanya ukingo uruke kwa kiasi hicho. Chagua masafa yanayogawa saa bila baki, au toa sini, ipitishe kwenye kichujio kisha kwenye komparata, inayoigeuza kuwa mraba.

Wimbi likikimbia kwenye kioo bila kusimama, tatizo ni triga ya oskiloskopu. Chomeka Sync kwenye Ext Trig, hasa ukiwa na modulation au burst ambazo triga ya kawaida haizielewi. Na kabla ya kuamini kuwa megahezi 1 imegeuka kuwa hezi chache, kaza mizani ya muda: ikiwa pana mno, sampuli hazitoshi na kioo kinachora wimbi la uongo.

Kelele ya hezi 50, na mtekenyo wa umeme

Kwenye jenereta nyingi za mezani, gamba la BNC limeunganishwa moja kwa moja na waya wa ardhi wa plagi. La oskiloskopu pia. Kwa hiyo ukishikiza waya mweusi wa jenereta kwenye sehemu ya saketi ambayo si ardhi, na klipu ya oskiloskopu kwenye ardhi, umepiga shoti kupitia mfumo wa umeme wa jengo. Baadhi ya modeli zina tundu lililotengwa hadi volti 42. Hiyo huandikwa kandokando ya tundu lenyewe, na isipoandikwa, chukulia halijatengwa.

Njia mbili za ardhi zinazokutana kwenye saketi moja hutengeneza kitanzi kinachookota mngurumo wa hezi 50, kwa kawaida milivolti chache. Chomeka jenereta, oskiloskopu na pawa saplai kwenye ekstensheni moja, fupisha kebo, na zipange zikae pamoja badala ya kuzungusha meza. Kukata pini ya ardhi ya plagi kunaondoa mngurumo na kuacha gamba la chuma lenye uwezo wa kumuua mtu siku hitilafu ikitokea. Usifanye hivyo kamwe.

Jenereta za bei nafuu zenye plagi ya pini mbili zina shida tofauti. Kapasita za kichujio ndani ya pawa saplai yao zinaliweka gamba karibu na nusu ya volti za umeme wa nyumba. Multimita itasoma hata volti 100 na zaidi kati ya BNC na ardhi. Mkondo ni mdogo, mkono unatekenywa tu, lakini geti ya transista ya MOSFET haivumilii. Unganisha gamba la jenereta na ardhi ya oskiloskopu kwanza, ndipo uguse saketi kwa waya wa ishara. Ukitenganisha, waya wa ishara unatoka kwanza.

Wimbi ulilochora mwenyewe linapoteza vipande

Mwiba mwembamba ulioweka kwenye wimbi la arbitrary unaonekana kwenye hezi 100 na kutoweka kwenye kilohezi 100. Mashine ya sampuli milioni 200 kwa sekunde yenye jedwali la nukta 8192 inaweza kusoma kila nukta mpaka takriban kilohezi 24.4 tu. Juu ya hapo inaruka nukta, na mwiba wa nukta moja unaweza kurukwa. Panua mwiba uwe wa nukta nyingi, au punguza masafa na weka mizunguko kadhaa ndani ya jedwali moja. Hakikisha pia nukta ya mwisho inaungana na ya kwanza bila kuruka, la sivyo kila mzunguko utakuwa na kishindo chake.

Mashine ni mbovu kweli

Haiwaki kabisa: kagua fyuzi iliyo kwenye soketi ya nyuma, na kabla ya kuweka nyingine soma swichi ya volti. Vifaa vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Marekani huja mara nyingi vikiwa kwenye 115, na soketi zetu ni 230 au 240. Ukigeuza kwenda 230, fyuzi nayo hubadilika, kwa kawaida iwe karibu nusu ya ampea za upande wa 115. Fuata jedwali lililochapwa nyuma ya mashine. Fyuzi kubwa kuliko hiyo haitengenezi kitu. Inasogeza moto kwenda kwenye transfoma.

Inawaka lakini unashuku tundu la kutoa: fanya kipimo hiki bila saketi yoyote. Weka mzigo High Z, chagua wimbi la DC, volti 4. Pima kwa multimita tundu likiwa wazi, iwe 4.00 au karibu. Kisha funga rezista mbili za omu 100 sambamba kati ya pini na gamba, upime tena, iwe 2.00. Ukinzani wa ndani ni:

R ya ndani = 50 × (volti ya wazi ÷ volti yenye mzigo − 1)

Ukipata karibu na 50, hatua ya mwisho ni nzima. Omu 50 za ndani mara nyingi zimejengwa kwa rezista kadhaa sambamba, tuseme nne za omu 200. Moja ikiungua zinabaki tatu, ukinzani unapanda hadi 66.7, na badala ya volti 2.00 utasoma 1.71. Mtu anayepima bila mzigo hataiona hitilafu hiyo hata mwaka mzima. Namba ikirukaruka ukiigonga mashine kidogo au ukiwasha na kuzima Output, mawasiliano ya relei yamechoka. Na ikiwa volti ya wazi imekwama karibu na volti ya ndani ya pawa saplai, mathalani 12 au 15, bila kujali unachoagiza, amplifaya ya kutoa imepiga shoti. Usiiunganishe na kitu chochote.

Amplifaya hiyo huuawa kutoka nje: kapasita iliyochajiwa, pawa saplai iliyoguswa kwa bahati mbaya, koili ya relei inayozimwa, au kisambaza redio kilichochomekwa upande usio wake. Unapolisha saketi iliyo na DC yake, weka kapasita ya mikrofaradi 1 mfululizo. Kwenye ingizo la kilo-omu 100 inapitisha kila kitu kilicho juu ya hezi 1.6, na inazuia DC isirudi. Chagua yenye volti za kutosha, angalau mara mbili ya DC iliyopo, na uwashe saketi kwanza ikatulia ndipo ubonyeze Output.